Miguu ikilegea wiki mbili baada ya kuhara, msisubiri nyumbani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini kwako tuzungumzie ugonjwa ambao huku Nyanda za Juu Kusini hufika hospitali ukiwa umechelewa, ilhali kuwahi ndiyo nusu ya tiba yake. Mtu anahara siku nne au tano, anapona, anarudi shambani. Wiki moja au mbili baadaye anaamka vidole vya miguu vimekufa ganzi na vinamchomachoma. Kesho yake anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Keshokutwa miguu yote miwili imelegea na mikono nayo inaanza. Homa hana, akili ni timamu, anaongea kama kawaida. Nyumbani wanaanza kuulizana nani kamfanyia nini, na hatuwalaumu: kuhara kulishasahaulika, na hakuna anayeona tumbo linahusiana vipi na miguu.

Uhusiano upo. Ugonjwa huu unaitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wawili wa jeshi la Ufaransa walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao André Strohl. Duniani huwapata watu 1 hadi 2 katika kila 100,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kama Mbeya utarajie wagonjwa wasiopungua 20 kila mwaka, wakubwa kwa wadogo. Si ugonjwa wa kila siku, lakini si wa ajabu pia.

Mara nyingi anayeuanzisha ni bakteria wa tumboni aitwaye kampilobakta, anayeishi kwenye utumbo wa kuku, ng'ombe na wanyama wengine bila kuwadhuru sana. Ganda lake la nje lina sukari zilizoshikana na mafuta, na mpangilio wa sukari hizo unafanana mno na ule wa gangliosaidi, yaani mafuta yenye sukari yaliyoko juu ya mishipa yetu ya fahamu, au neva. Mwili unatengeneza kingamwili za kumuua bakteria, na unafaulu; kuhara kunakoma. Lakini kwa watu wachache kingamwili hizo hazitofautishi ganda la bakteria na uso wa neva. Zinajishikiza kwenye neva, zinaita silaha nyingine za kinga, na uharibifu unaanza. Kwa wengine kinachoharibika ni mayelini, utando wa mafuta unaofunika neva, na neva hubaki kama waya wa umeme uliochunwa ganda. Kwa wengine, hasa kampilobakta anapohusika, shambulio huenda kwenye uzi wenyewe wa ndani. Tofauti hiyo huamua muda wa kupona: utando hurudi kwa wiki au miezi, lakini uzi uliokatika huota kwa takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni safari ndefu.

Ndiyo maana kuna pengo la siku kati ya kuhara na kulegea. Kingamwili zinahitaji muda kutengenezwa. Ndiyo maana pia mgonjwa hana homa miguu inapolegea, na kumpa antibayotiki siku hiyo hakubadilishi kitu kwenye neva. Kazi ya bakteria imeshaisha. Aliyebaki kupigana ni mwili wenyewe.

Tuseme wazi ili tusiwatishe wasomaji: wengi mno wanaoharishwa na kampilobakta hupona wasiupate ugonjwa huu. Anayeupata ni takribani mmoja kati ya 1,000, au pungufu ya hapo. Na si lazima awe amehara. Maikoplazma, bakteria wa kifua, anaweza kuuanzisha, na virusi kadhaa pia. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa ni hili: ndani ya wiki sita zilizopita uliugua nini, hata kama ulipona?

Kinachoua hapa si miguu. Ni pumzi. Udhaifu unapanda kutoka miguuni, unafika mikononi, unafika kifuani, shingoni na kooni. Kati ya wagonjwa 100, 20 hadi 30 huhitaji mashine ya kupumulia. Wengi hufikia hali mbaya kabisa ndani ya wiki mbili tangu dalili ya kwanza, na karibu wote ndani ya wiki nne. Kwa hiyo tarehe miguu ilipoanza kulegea iandikwe kwenye cheti mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu kasi ndiyo inayotabiri hatari. Aliyetoka kuchechemea hadi kulala kitandani ndani ya siku tatu yuko karibu zaidi na mashine kuliko aliyechukua siku kumi.

Zahanati isiyo na kipimo chochote cha damu bado inaweza kufanya kazi kubwa hapa, na sehemu hii tunaiandika hasa kwa wenzetu walioko Ileje, Ludewa, Makete na Chunya.

Kwanza goti. Mkalishe mgonjwa miguu ikining'inia, gonga kano chini ya kifuniko cha goti kwa nyundo ya refleksi. Kwa mtu mwenye Guillain-Barré mguu haurushi, au unarusha kidogo mno, pande zote mbili. Mguu ukiruka kwa nguvu kuliko kawaida, fikiria uti wa mgongo au ubongo. Siku ya kwanza au ya pili goti linaweza kuwa bado linaruka, rudia kesho.

Pili shingo. Akiwa amelala chali bila mto, mwambie anyanyue kichwa kidevu kiguse kifua, kisha mzuie paji la uso kwa kiganja. Misuli inayonyanyua shingo na ile ya kiwambo cha kupumulia hupata neva zake sehemu za jirani za uti wa mgongo. Shingo ikidhoofika, pumzi iko njiani kudhoofika.

Tatu kuhesabu kwa pumzi moja. Avute pumzi mpaka mwisho, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Vitabu huandika kwamba kutofika 20 ni hatari, lakini kipimo hicho kilitengenezwa kwa Kiingereza, ambako namba nyingi ni silabi moja. Kwa Kiswahili moja hadi kumi ni takribani silabi 20, na kuanzia kumi na moja ndiyo zinarefuka kabisa. Ushauri wetu: ahesabu moja hadi kumi halafu aanze tena moja, kwa mwendo uleule kila mara, na muuguzi aandike jumla. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Aliyefika 24 asubuhi, 18 mchana na 13 jioni anaporomoka, hata kama anakuambia yuko salama. Rudieni kila baada ya saa nne, na kila saa mbili kwa anayeshuka. Usiku pia. Usiku ndiyo wanaposhtukiwa wamechelewa.

Tahadhari kubwa kuhusu kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Oksimita ikisoma 96, watu wengi hupumua na kuendelea na kazi nyingine. Kwa ugonjwa huu oksijeni hushuka mwishoni kabisa. Misuli inapochoka, hewa chafu hujikusanya kwanza, na mgonjwa anaweza kuwa na 95 nusu saa kabla ya kuzima. Mwangalieni yeye: anaongea maneno mawili matatu kisha anavuta hewa, anapaliwa na mate, kikohozi chake hakina nguvu, anatoka jasho kwenye paji la uso, anakataa kulala chali. Mapigo ya moyo na presha nayo hupanda na kushuka bila mpangilio, kwa sababu neva zinazoviendesha hushambuliwa pia.

Rufaa itolewe wakati mgonjwa bado anaweza kupiga stori. Kumsubirisha mpaka pumzi ibane ndipo gari la wagonjwa litafutwe ni kumwingiza barabarani bila msaada, na anayeijua njia ya kuteremka kona za Matamba kwenda Chimala wakati wa masika anajua hakuna pa kusimama ukamhudumia mtu. Asipelekwe kwa bodaboda, wala asilazwe kiti cha nyuma cha basi. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hivi. Asipewe chakula wala maji kama anapaliwa. Muuguzi aende naye akiwa na mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya saizi yake na kifaa cha kunyonya mate. Na simu ipigwe kabla ya gari kuondoka, kuuliza kama mashine ya kupumulia ipo wazi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa mingi, na vitanda vya mahututi havijai kwa wagonjwa wa Mbeya peke yao.

Si kila kulegea ni Guillain-Barré, na kosa la upande huu nalo linaumiza. Mtu anayelegea wakati bado anahara mfululizo huenda amepungukiwa potasiamu. Huyo hurudishiwa na hupata nguvu ndani ya saa au siku chache. Kipimeni mapema. Kulegea upande mmoja tu, mdomo ukapinda ghafla, ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Anayesema ganzi imeishia kama mkanda kiunoni au kifuani, na mkojo umekataa kutoka tangu siku ya kwanza, uti wake wa mgongo unabanwa. Mpapaseni mgongo, kama kuna kibyongo kilichotokea taratibu fikiria kifua kikuu cha mifupa. Huyo anahitaji picha haraka.

Halafu kuna viuatilifu. Huku kwetu viazi, nyanya na mahindi hunyunyiziwa dawa, mara nyingi bila barakoa wala glavu, na dawa za jamii ya oganofosfati zinaweza kulegeza misuli kwa namna mbili tofauti na sumu ya siku ileile. Ya kwanza huja siku ya 1 hadi ya 4, ikianza na shingo na misuli ya kupumua. Ya pili huja wiki moja hadi tatu baadaye, ikianza na miguu, na hii ndiyo inayofanana zaidi na Guillain-Barré. Muulizeni mkulima alinyunyiza nini, lini, na aoneshe chupa. Swali hilo moja ni nadra kuliona kwenye vyeti vya rufaa.

VVU nayo ipimwe kwa kila mgonjwa. Njombe ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022–2023, na Guillain-Barré inaweza kujitokeza wakati maambukizi bado ni mapya. Maji ya uti wa mgongo husaidia hapa. Kwa Guillain-Barré protini hupanda huku chembe nyeupe zikibaki chache, chini ya 10 mara nyingi. Zikizidi 50, tafuteni VVU au sababu nyingine. Wiki ya kwanza protini inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Majibu hayo yasimtoe mtu kwenye orodha wakati goti haliruki na miguu inazidi kulegea.

Kuna pia sura nyingine isiyoanza na miguu: macho yanashindwa kugeuka, mtu anaona vitu viwiliviwili, anayumba kama mlevi, na magoti hayaruki. Charles Miller Fisher aliieleza mwaka 1956. Wagonjwa hawa hutukanwa mitaani kwamba wamekunywa.

Tiba zipo mbili, na zote ni za hospitali kubwa. Moja ni imunoglobulini, kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangia damu, inayotolewa kwa dripu: gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa siku 5. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 24 kwa siku, jumla gramu 120. Chupa ikiwa ya gramu 5 ni chupa 24, na hiyo ni mamilioni ya shilingi. Ya pili ni kubadilisha utegili, maji ya damu yenye zile kingamwili mbaya, mara 2 kwa mgonjwa ambaye bado anatembea, mara 4 au 5 kwa asiyeweza. Zote mbili zina nguvu sawa. Hakuna faida ya kuzirundika. Imunoglobulini ianze ndani ya wiki 2 tangu miguu kulegea. Kubadilisha utegili kunasaidia hadi wiki ya 4, ingawa mapema ni bora zaidi. Bangladesh wamejaribu njia ya gharama ndogo: kutoa damu kidogokidogo, kuiacha chembe nyekundu zitue chini, kumwaga utegili na kumrudishia mgonjwa chembe zake. Utafiti wao wa 2018 kwa wagonjwa 20 ulionesha inawezekana kwa usalama. Hatujasema ifanyike kesho Mbeya, lakini hospitali za nchi kama yetu zina sababu ya kuifuatilia kwa karibu kuliko za Ulaya.

Familia isiyo na fedha isiambiwe hakuna la kufanya. Sehemu kubwa ya wanaopona huokolewa na uangalizi: pumzi kupimwa saa zote, mashine kuwashwa kwa wakati, mgonjwa kugeuzwa kila saa mbili asipate vidonda, heparini ya kuzuia damu kuganda miguuni, mpira wa kulishia puani kwa anayepaliwa, mpira wa mkojo unapohitajika. Nyayo ziegemezwe zisining'inie, la sivyo misuli ya kisigino hujikunja na mtu anapona neva lakini hawezi kukanyaga. Jicho lisilofumba lipakwe marhamu na lifungwe kwa plasta usiku. Maumivu ya mgongo na miguu ni makali na ni ya kweli, gabapentini husaidia. Daktari wa usingizi akiitwa kuweka mpira wa hewa, aepuke saksinilikolini, dawa ya kulegeza misuli, kwa maana inaweza kumwaga potasiamu kwenye damu na kuusimamisha moyo.

Na mgonjwa aliyeko kwenye mashine, asiyeweza hata kukunja uso, anasikia kila kitu. Ongeeni naye. Msijadili gharama wala mazishi kitandani pake.

Tunaona bado deksamethazoni na predinisoloni, dawa za jamii ya steroidi, zikitolewa kwa matumaini. Steroidi haziusaidii ugonjwa huu, na za vidonge zinaweza kuchelewesha kupona. Sindano za vitamini B hazina madhara makubwa, ila zinakula siku, na siku ndizo mgonjwa hana.

Kwa ndugu walio nyumbani, mambo mawili yanaleta balaa zaidi ya mengine. Kumkanda kwa maji ya moto mtu mwenye ganzi kunamuunguza bila yeye kusikia. Na kumnywesha uji au dawa ya mizizi mtu anayepaliwa kunapeleka kile kinywaji mapafuni. Maombi na wazee wa ukoo wanaweza kumfuata wodini.

Penye huduma nzuri za mahututi hufa wagonjwa 3 hadi 7 kati ya 100, na takribani 4 kati ya 5 hutembea wenyewe ndani ya miezi sita.

Kuhusu kinga tutasema machache. Kuku mbichi asioshwe kwa maji yanayorukaruka. Matone hupeleka bakteria kwenye mboga na vyombo. Kisu na ubao wa kuku visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Apikwe hadi maji ya kwenye nyonga yatoke meupe, yasiwe na wekundu. Kuku wasilale jikoni anapotambaa mtoto. Maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe. Wako wanaoamini baridi ya Makete na Njombe inatunza maziwa mabichi salama. Kwa kampilobakta ni kinyume, kwenye baridi haongezeki lakini anaishi muda mrefu zaidi kuliko kwenye joto la kawaida. Maji ya kunywa yakitokota vizuri dakika 1 inatosha, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama Kitulo, dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mapema mwaka 2025, mjini Pune nchini India, zaidi ya watu 200 walihesabiwa kuwa na ugonjwa huu au kushukiwa nao, na maji ndiyo yaliyonyoshewa kidole.

La mwisho linamhusu kila mtoto wa chini ya miaka 15. Akilegea ghafla, hata kama daktari ana hakika ni Guillain-Barré, lazima atolewe taarifa siku hiyohiyo kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, kwa sababu polio hulegeza vilevile. Si hofu ya bure: Februari 2022 polio ya asili ilitangazwa Malawi, jirani zetu, na mwaka 2023 virusi vya polio vitokanavyo na chanjo vilipatikana kwa mtoto mkoani Rukwa. Zichukuliwe sampuli 2 za choo ndani ya siku 14 tangu kulegea, zipishane saa 24 hadi 48, kila moja kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima, kwenye kopo lisilovuja, ndani ya kasha la baridi la nyuzi 2 hadi 8. Choo kilichopata joto njiani hakiwezi kuaminika, na zikipita siku 14 uwezekano wa kumpata kirusi hupungua sana. Siku ya 60 mtoto aonwe tena kuona kama udhaifu umebaki.

Nanyi wahariri, mwandishi wenu wa wilayani akileta habari ya ugonjwa usiojulikana unaolegeza watu miguu, kabla haijachapwa aulize: walihara lini, miguu ililegea lini, walinyunyiza dawa gani shambani, na kama kuna watoto, sampuli zimepelekwa siku ya ngapi.

Matabibu na wauguzi wa wodi za magonjwa ya ndani,
Mbeya